Je, Wajua? Mshipa Jirani wa Nyonga

Mzee akiteleza bafuni na nyonga ikavunjika, ukoo mzima huzungumzia mfupa. Umevunjikia wapi, utaunga lini, hicho chuma kitakaa humo maisha? Hakuna anayeulizia mishipa ya damu. Mimi pia sikuwahi kuiulizia, hadi nilipoanza kusoma habari zake, na tangu hapo nimekuwa kero kwa kila anayekaa nami meza moja ya chai. Leo zamu yako.

Kalamu ya wino kinenani

Weka vidole viwili katikati ya mkunjo wa kinena, pale paja linapokutana na tumbo, kisha bonyeza kidogo. Hicho kinachodunda ni ateri ya paja, bomba kuu la damu ya mguu, na upana wake hapo ni karibu sentimita 1, kama kalamu ya wino. Nyuma yake, ukishapita msuli na utando wa kiungo, unakutana na kichwa cha mfupa mrefu kuliko yote mwilini. Bomba kuu na mfupa mkuu wanaishi ukuta kwa ukuta, na majirani wa namna hiyo mmoja akiungua mwingine hasalimiki kirahisi.

Lita nzima imepotea na shuka bado ni jeupe

Paja la mtu mzima linaweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu bila hata tone moja kuonekana nje. Mwili mzima una kama lita 5 tu, na mfuko mmoja wa mchangia damu hubeba kiasi cha mililita 450. Kwa hiyo mgonjwa aliyelala kitandani na bandeji safi kabisa anaweza kuwa amepoteza zaidi ya mifuko miwili, yote imejificha katikati ya misuli yake mwenyewe. Ndiyo maana baada ya upasuaji wa nyonga wauguzi hurudi tena na tena kupima wingi wa damu, hata kama kidonda kinang'aa kwa usafi. Kidonda hakisemi yote.

Mahali mfupa ulipovunjikia pana uzito wake. Ukivunjika juu, ndani ya mfuko wa kiungo, damu inamwagika kwenye chombo kidogo kilichofungwa, kama kibuyu chenye kizibo, nacho hujaa upesi. Ukivunjika sentimita chache tu chini yake, nje ya mfuko huo, damu inaingia kwenye misuli ambako hakuna wa kuizuia.

Mfupa unaweza kufa, mwenyewe yu hai

Kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linalozunguka ndani ya nyonga, hupata damu yake nyingi kupitia mishipa midogo inayotambaa juu ya shingo ya mfupa, mithili ya pasheni inavyopanda nguzo ya uzio. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, mishipa hiyo huchanika pamoja nayo. Ipo ateri nyingine nyembamba inayoingia kwa ndani kupitia kano ya kiungo, lakini kwa mtu mzima mara nyingi haitoshi kukilisha kichwa kizima. Miezi inapita, wakati mwingine mwaka na zaidi, tufe linaoza kimyakimya na kuporomoka kama ukuta wa udongo uliolowa.

Hii ndiyo sababu bibi wa miaka 80 aliyevunjika shingo ya mfupa mara nyingi hawekewi skrubu bali hubadilishiwa kichwa chote, akapewa cha chuma. Wengine hudhani daktari amekata tamaa na mfupa. La hasha: amepiga hesabu za damu. Daktari Mwingereza Astley Cooper aliieleza tofauti kati ya kuvunjika ndani na nje ya mfuko wa kiungo katika kitabu chake cha mwaka 1822, miaka 73 kabla ya eksirei kugunduliwa.

Sarara yako inaweza kuvuta kisu

Ukienda buchani ukaomba nyama laini kuliko zote, utapewa sarara. Nawe pia unayo. Inashuka kutoka uti wa mgongo, inapita ndani ya fupanyonga na kushika kinundu kidogo kilicho upande wa ndani wa mfupa wa paja, chini kidogo ya shingo. Kila unapoinua goti kupanda ngazi, sarara ndiyo inayovuta.

Sasa mfupa ukivunjika eneo hilo, kinundu kile kinaweza kumeguka na kuachwa na makali kama kigae cha chungu. Sarara haijui kwamba kuna ajali. Inaendelea kuvuta kama ilivyozoea, na kigae kinasogea juu na ndani, hukohuko yalikopita matawi ya ateri ya ndani ya paja, ile inayochipuka kutoka ateri ya paja na kuzama ndani. Madaktari wameandika habari za wagonjwa waliotobolewa mshipa na kipande hicho kabla hata ya kufika chumba cha upasuaji, na za wengine ambao chuma kiliwekwa vizuri, wakaanza kutembea, halafu mambo yakaharibika siku kadhaa baadaye. Mimi tangu nisome hayo sijala sarara kwa utulivu.

Keekee na ukuta wa pili

Mtazame fundi anapotoboa ubao kwa keekee. Mkono unakaza, unakaza, halafu ghafla ubao unaisha na keekee inaruka mbele. Mfupa wa paja ni mtihani huohuo mara mbili: una ukuta mgumu wa karibu, uwazi wenye uboho katikati, kisha ukuta mgumu wa mbali. Daktari anayefunga bamba la chuma hutoboa kuta zote mbili, na mbele ya ule ukuta wa pili, upande wa ndani wa paja, inapita ateri ya ndani ya paja. Milimita chache za ziada zinatosha kuigusa. Keekee butu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu inataka kusukumwa kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu huchelewa kusimama. Maseremala wanalijua hili bila kusomea udaktari.

Linaloshangaza zaidi ni meza. Ili mfupa ukae sawa, mguu wa mgonjwa hufungwa kwenye meza maalumu inayouvuta, kisha hugeuzwa kwa ndani na kusogezwa karibu na mwenzake. Mkao huo unaunyoosha mfupa vizuri sana, lakini unaisogeza ateri karibu zaidi nao. Kinachomsaidia daktari upande mmoja kinambana upande wa pili.

Jaza Uwanja wa Mkapa

Usiogope kupita kiasi. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni kwamba mshipa mkubwa huumia kwa wagonjwa 2 hivi katika kila 1,000 wanaotibiwa nyonga iliyovunjika. Chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, ujaze wagonjwa wa nyonga watupu: watakaopatwa na balaa hili wanaenea kwenye mabasi mawili. Ila idadi ya wanaoingia uwanjani inakua. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1992 ilikisia kwamba duniani nyonga milioni 1.66 zilivunjika mwaka 1990, na kwamba kufikia 2050 zitakuwa milioni 6.26 kwa mwaka, kwa sababu moja ya kufurahisha: watu wanazeeka badala ya kufa mapema.

Kuna kitu mwilini kinaitwa taji la kifo

Silitungi mimi. Madaktari wa kale walikipa jina la Kilatini, corona mortis, na jina limebaki. Ni mshipa unaounganisha njia mbili za damu kwa kupita juu ya mfupa wa kinena, takriban sentimita 5 au 6 kutoka katikati, upana wa vidole vitatu. Si kila mtu anao mkubwa. Aliye nao mkubwa, ukikatika, ncha zake hurudi nyuma kama kamba ya mpira iliyokatwa, na kuzikamata ni kazi kwelikweli. Mzee anaweza kuanguka chini tu, si kutoka juu ya mnazi, akavunjika mfupa huo wa kinena ambao kwa kawaida hupona kwa mapumziko, kumbe taji limeguswa na damu inajaa tumboni.

Chapati iliyokatwa vipande vinne

Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waligawa kikombe cha nyonga, pale lile tufe la paja linapozunguka, vipande vinne, kama mtu anayegawa chapati, wakaeleza ni kipande gani skrubu inaweza kupita salama. Kipande cha nyuma juu ni salama kuliko vyote: mfupa ni mnene. Kipande cha mbele juu ni cha kukimbiwa, maana mfupa ni mwembamba na nyuma yake inapita ateri kubwa inayoelekea mguuni. Ramani hiyo bado inafundishwa kwa wanaojifunza kubadilisha nyonga.

Uzi kabla ya chuma cha moto

Karne nyingi huko Ulaya mshipa uliokatika ulizimwa kwa chuma kilichokolezwa moto au mafuta yanayochemka. Daktari Mfaransa Ambroise Paré, katika karne ya 16, ndiye anayesifiwa kwa kuwarudisha watu kwenye uzi: kamata mshipa, funga, basi. Paré huyohuyo anatajwa kuwa wa kwanza kueleza kwa maandishi kuvunjika kwa shingo ya mfupa wa paja, kwa hiyo mfupa na mshipa walikuwa wa bwana mmoja tangu zamani. Lakini sema "kuwarudisha", usiseme "kuwaanzishia". Miaka zaidi ya 500 kabla yake, Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba alikwisha kuandika juu ya kufunga ateri kwa uzi.

Fundi wa kutarizi aliyesaidia kuleta Nobel

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa hiyo nivumilie.

Tarehe 24 Juni 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu akiwa ziarani Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa ini. Madaktari walifungua tumbo, wakaona tatizo, na hapakuwa na la kufanya. Usiku wa manane ulipopita kidogo akafariki. Kufunga mshipa kwa fundo walijua. Kuushona ukaendelea kupitisha damu, hawakujua, kwa sababu sindano zilikuwa nene na kila tundu la sindano lilikuwa chanzo cha bonge la damu.

Kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, Alexis Carrel, alikataa kuamini kwamba haiwezekani. Lyon ni mji wa hariri. Akaenda kwa Bibi Leroudier, fundi wa kutarizi, akajifunza kushika sindano nyembamba na uzi wa hariri mpaka vidole vikatii. Kisha akabuni ujanja wa ajabu kwa wepesi wake: weka mishono mitatu pembeni mwa mshipa, ivute, na mduara unageuka pembetatu. Mduara unateleza. Pembetatu ina kingo zilizonyooka, unashona ukingo mmoja baada ya mwingine kama unapinda kitambaa. Uzi aliupaka vaselini ili damu isigande juu yake. Alichapisha njia hiyo mwaka 1902, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel.

Washonaji wa kofia za viua wa Lamu na Unguja wangemwelewa bila mkalimani: kuzungushia uzi tundu dogo, mshono mmoja usilegee na mwingine usikaze. Leo mshipa wa paja ukikatwa na mfupa au keekee, unashonwa kwa kizazi cha mishono ileile.

Dawa iliyozaliwa na mtoto mgongoni

Utako Okamoto wa Japani alifanya utafiti na mumewe Shosuke wakati wanawake maabarani walikuwa wa kuhesabika, na mtoto alipokosa wa kumlea alimbeba mgongoni akiendelea na kazi. Mwaka 1962 walitangaza dawa ya kuzuia mabonge ya damu yasiyeyuke mapema, asidi ya traneksamiki. Ilikaa kwa miongo bila kushangiliwa sana, hadi mwaka 2010 jaribio la majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 lilipoonyesha kwamba inapunguza vifo. Wanaopasuliwa nyonga pia huhitaji kuongezewa damu kwa nadra zaidi wakipewa. Bibi Okamoto aliishi hadi 2016, akiwa na miaka 98, akaona matunda yake.

Mguu uleule unavuja na kuziba

Nyonga ikivunjika, mwili unageuka kigeugeu: upande mmoja damu inavuja, upande wa pili inaganda mahali isipotakiwa. Wagonjwa wasiopewa kinga wakichunguzwa kwa picha, karibu nusu hukutwa na mabonge kwenye vena za miguu. Bonge likichomoka likafika mapafuni, linaweza kuua ghafla. Mwaka 1959 Sevitt na Gallagher, kutoka Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya wazee 300 waliovunjika nyonga. Nusu walipewa dawa ya kuzuia damu kuganda na nusu hawakupewa. Vifo vya mabonge ya mapafu vikapungua sana kwa waliopewa.

Dawa mashuhuri ya kazi hiyo ilianzia zizini. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani ya Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani ya malisho yaliyooza kwa ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari katikati ya dhoruba ya theluji hadi chuo kikuu akiwa na mzoga wa mtamba na mkebe wa maziwa uliojaa damu isiyoganda. Aliyempokea, mwanakemia Karl Link, alifuatilia kemikali iliyokuwa kwenye majani, na mwishowe ikazaliwa warfarini. Iliuzwa kwanza mwaka 1948. Kwa ajili ya nini? Kuua panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa wanadamu.

Nduguye anayechomwa kwa sindano, heparini, kwa kawaida hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mgonjwa Mwislamu anayetaka kujua ana haki ya kuuliza. Zipo pia dawa zilizotengenezwa maabara tupu, kama fondaparinuksi.

Picha ya kwanza ya mishipa ilipigwa kwa chaki na mafuta ya petroli

Eksirei iligunduliwa Novemba 1895. Januari 1896, huko Vienna, watafiti wawili walikwisha kuingiza mchanganyiko wa chaki, mafuta ya petroli na madini ya zebaki kwenye mishipa ya mkono uliokatwa, na mishipa ikatokea pichani kama matawi ya mti. Kwa mtu hai ungekuwa mauaji. Lakini wazo lilikuwa sahihi.

Mlango wa fundi ni jirani aliyepona

Mwaka 1953 Msweden Sven-Ivar Seldinger alionyesha jinsi ya kuingia ndani ya ateri kwa sindano, waya na mpira mwembamba, bila kupasua. Mlango uliozoeleka zaidi ni uleule uliogusa kwa vidole mwanzoni: kinena. Tawi la ateri ya ndani ya paja la kulia likitoboka, daktari anaweza kuingia kupitia kinena cha kushoto, akapanda hadi njia panda tumboni, akashuka upande wa pili na kuziba tundu kwa springi ndogo za chuma. Springi za kwanza, alizobuni Cesare Gianturco mwaka 1975, zilikuwa na nyuzi za sufu zilizoning'inizwa ili damu igande upesi. Sufu, kama ya sweta. Mgonjwa huwa macho, ganzi ni ya pale kinenani tu.

Uvimbe unaodunda si jipu

Mshipa uliotoboka hauji na kelele kila mara. Tundu likiwa dogo, damu hutoka kidogo kidogo na kujichimbia shimo ndani ya nyama, kama bomba lililopasuka chini ya ardhi linavyojitengenezea dimbwi ambalo hujaliona hadi udongo uvimbe. Linaweza kuonekana siku chache baada ya upasuaji, au baada ya wiki, au miezi. Mfupa umeunga, mkongojo umewekwa kando, ndipo paja linaanza kukua.

Na hapo watu hukosea kwa njia tatu, zote za kueleweka. Wa kwanza hudhani ni jipu akalitumbua, na kinachotoka si usaha. Wa pili hudhani ni bonge la damu kwenye vena akaongeza dawa ya kuzuia kuganda, na tundu likapata nguvu mpya. Wa tatu huita mkandaji. Ultrasaundi ya dakika chache inaweza kuonyesha damu ikizunguka ndani ya uvimbe, na hata kiganja kilichotulia juu ya paja wakati mwingine huhisi mdundo unaokwenda sambamba na moyo.

Kwa hiyo, wewe unayemuuguza mtu aliyepasuliwa nyonga: paja likivimba upya, likiuma kuliko jana, viganja vyake vikipauka, au wayo ukiwa wa baridi kuliko wa mguu wa pili, mrudishe hospitali siku hiyohiyo, na usiruhusu mtu yeyote alikande.